Mwalimu wa Marubani Naye ni Mfanya Kazi



Tumeletewa maswali mengi juu ya jambo ambalo wengine wenu mtaona si letu, nalo ni kazi ya ualimu wa urubani. Sababu ni hii. Watoto wa watu wa reli siku hizi hawaingii reli tu kama zamani. Wako wazazi miongoni mwetu waliouza ng'ombe, waliokopa katika SACCO, na waliofanya harambee ya ukoo mzima, ili kijana asomee kurusha ndege. Kijana amepata laisensi, akaongeza na cheti cha kufundisha wengine, mbuzi akachinjwa, jamaa wakaja kutoka Yala na Kitui. Miezi minane baadaye mzazi yule yule anaingia afisini kwetu na kuuliza: mbona mwalimu wa eropleni bado aniomba nauli ya matatu?

Swali hilo si la mzaha. Tumelichunguza kadiri ya uwezo wetu, tukasema na vijana wenyewe, na tumeona kwamba taabu yao si ngeni. Ni taabu ya kibarua, ila imevaa shati jeupe lenye mistari mabegani.

Kwanza yafaa mjue ngazi yenyewe. Mtu anayetaka kurusha ndege kwa raha yake, bila kulipwa, hupewa laisensi ya kwanza akisha kupata saa 40 hewani, na hizo ni saa za uchache kabisa, wengi huzipita. Akitaka kulipwa kwa urubani lazima apate laisensi ya biashara, ambayo kwa kanuni za mataifa ni saa 200, au saa 150 kwa yule aliyesoma mfululizo katika mafunzo yaliyokubaliwa na Serikali. Na akitaka laisensi ile ya juu, ya nahodha wa ndege kubwa za abiria, ni saa 1,500. Sasa fanyeni hesabu. Kati ya 200 na 1,500 pana shimo la saa 1,300, na hakuna skuli inayolijaza. Mwenye kampuni ya ndege hamtaki mtu wa saa 200, na watu wa bima nao hawamtaki. Kila saa ya ndege hata iliyo ndogo ni mafuta, ni matengenezo, ni kodi ya uwanja, wala hakuna mzazi wa reli, hata akiwa stesheni masta, anayeweza kumlipia mtoto saa 1,300.

Basi kijana hutafuta mahali ambapo saa hizo zitalipwa na mtu mwingine, na mtu huyo ni mwanafunzi mpya. Kanuni humruhusu mwalimu kuandika katika kitabu chake kila saa aliyofundisha hewani kuwa ni saa yake mwenyewe. Mwanafunzi hulipa, mwalimu hupata saa, skuli hupata fedha. Kwa hivyo kazi ya ualimu imekuwa kama benchi la stesheni: watu hulikalia wakingoja gari lao lifike, kisha huondoka. Na mwenye benchi ajua kwamba wanaongoja ni wengi, ajua tena kwamba yeyote kati yao atavumilia mengi kabla ya kuinuka.

Hapo ndipo ubaya unapoanzia. Katika skuli nyingi ulimwenguni mwalimu mpya halipwi kwa mwezi, hulipwa kwa saa, na saa yenyewe si saa ya kazi bali ni saa ya injini. Ndani ya ndege mna mita inayohesabu wakati injini inapozunguka. Mita ikienda, mshahara unakwenda. Mita ikisimama, mshahara nao umesimama.

Wazieni siku moja ya kijana kama huyo pale Uwanja wa Wilson mwezi wa Julai. Amefika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maana mwanafunzi wa kwanza ni wa saa moja. Mawingu yamelala juu ya Nairobi kama blanketi, ngazi ya Ngong haionekani, hakuna kuruka. Hakai bure: anafuta vioo, anapima mafuta na kukinga kidogo aone kama yana maji, anamwandikia mwanafunzi ubaoni kwa nini ndege hupanda kwa uzito katika uwanja uliopita futi 5,500 juu ya bahari. Saa nne mawingu yanapanda. Mwanafunzi wa pili anapiga simu, hajapata karo. Wa tatu yuko tayari, lakini ndege imetimiza saa zake za ukaguzi na imeingizwa karakana. Saa kumi jioni kijana anarudi nyumbani. Amefanya kazi saa tisa na nusu, na mita haikutembea hata dakika moja. Siku hiyo hana senti.

Sisi wa reli twalijua jambo hili kwa jina jingine. Dereva anaposaini kitabu cha kuingia kazini, saa yake imeanza, hata kama injini haijawashwa. Ikiwa gari limeshikwa Voi kwa sababu njia imesombwa na maji, dereva na gadi wake wako kazini, maana ni nani aliyeileta mvua? Kanuni hii haikushuka toka mbinguni. Watu waliipigania. Mwajiri huuza safari, lakini mfanya kazi huuza wakati wake, na wakati ukisha kupita haurudi. Mwalimu wa urubani huuza asubuhi yake nzima na kulipwa kipande chake tu.

Wako watakaosema hayo ni mambo ya nchi maskini. Tazameni Marekani basi, ambako ndege ni nyingi kuliko popote. Usiku wa tarehe 12 Februari 2009 ndege ya abiria ya Colgan Air ilianguka karibu na mji wa Buffalo, wakafa watu 50, mmoja wao akiwa ndani ya nyumba yake. Watu walilia sana, na Bunge la nchi ile likatunga sheria mwaka 2010. Tangu mwaka 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la abiria kule lazima awe na saa 1,500, ila wale wa jeshini na wa vyuo vikuu wamepunguziwa. Nia ilikuwa njema. Lakini yafaa kukumbuka kwamba marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa wamekwisha pita saa 1,500 siku nyingi. Uchunguzi ulionyesha nahodha alivuta usukani pale alipopaswa kuusukuma, na ulizungumza juu ya uchovu: msaidizi wake alikuwa amesafiri usiku kutoka upande mwingine wa nchi ili afike kazini, na mshahara wake ulipotajwa hadharani watu walishangaa kwa udogo wake. Yaani shida mojawapo ilikuwa hali ya mfanya kazi, na dawa iliyotolewa ikawa ni kumwongezea kijana mlima wa saa. Tokea hapo skuli za urubani za Marekani zikajaa walimu ambao hawakutaka ualimu, wanaohesabu saa kama mfungwa ahesabuvyo siku.

Hatusemi saa ni bure. Ujuzi hauji kwa kusoma kitabu. Twasema tu kwamba ukimwongezea mtu miaka ya kungoja, umwongezee na riziki ya kungojea.

Sasa tuje kwa jambo ambalo lilitugusa sana tuliposema na vijana hawa. Wana siku zao kubwa. Wana vituo vyao katika safari, kama sisi tulivyo na siku ya kwanza kupewa bendera, au siku ya kwanza kukabidhiwa gari peke yako kutoka Nairobi hadi Mombasa. Siku kubwa ya mwalimu mpya wa urubani si siku anayopewa cheti. Ni siku ya kumruhusu mwanafunzi wake wa kwanza kuruka peke yake.

Wametueleza ilivyo. Mwalimu na mwanafunzi wamezunguka uwanja mara tatu au nne, wakishuka na kupanda. Halafu mwalimu anamwambia mwanafunzi asimamishe ndege pembeni, anafungua mkanda wake, anatia sahihi katika kitabu cha mwanafunzi, anashuka, anafunga mlango. Ndege inakwenda bila yeye. Kwa dakika kumi hivi hana breki ya kukanyaga wala usukani wa kushika. Ana masikio yake tu na macho yake. Ndege ile, imepungukiwa na uzito wa mtu mmoja, hupanda upesi kuliko mwanafunzi alivyozoea, na mwalimu ajua kwamba mwanafunzi sasa hivi ameshtuka. Kijana mmoja alitwambia siku hiyo alisimama kando ya majani mpaka kiatu kikajaa siafu, asijue. Mwanafunzi alipotua, watu walimmwagia maji kama ilivyo desturi yao, picha zikapigwa, kila mtu akamsifu mwanafunzi.

Na mwalimu? Amechukua dhamana ya roho ya mtu kwa sahihi yake mwenyewe. Ikiwa ndege ingevunjika, sahihi ile ndiyo ingesomwa kwanza. Lakini kwa hesabu ya mita, dakika zile kumi ambazo mwanafunzi alikuwa peke yake hazikuwa zake: hakuwamo ndani ya ndege, kwa hiyo haziingii katika kitabu chake cha saa, na mahali pengine hata katika mshahara haziingii. Dakika zenye dhamana kubwa kuliko zote alizopata kufanya kazi, ndizo alizofanya bure. Tulipolisikia hili tulinyamaza kwanza.

Katika nchi za Ulaya wamejaribu kuviandika vituo hivi katika kanuni. Mwalimu mpya huko huanza chini ya uangalizi wa mwalimu mkuu, wala haruhusiwi kutoa idhini ya mwanafunzi kuruka peke yake kwa mara ya kwanza. Kifungo hicho huondolewa akisha kufundisha saa 100 na kusimamia safari 25 za wanafunzi walio peke yao. Kule Marekani nako njia mojawapo ya kuruhusiwa kufundisha walimu wapya ni mwalimu awe na cheti miezi 24 na awe amefundisha saa 200. Twaona utaratibu kama huo ni wa busara, maana mtu hupanda daraja kwa kazi aliyoifanya, si kwa kupendwa na mkubwa. Lakini kanuni zote hizo zasema mwalimu aruhusiwe kufanya nini. Hakuna hata moja isemayo alipwe nini. Dhamana inaongezwa kwa sheria, na mshahara umeachiwa huruma ya mwajiri. Katika reli jambo hilo lingeitwa kupandishwa cheo bila nyongeza, na tawi lolote lenye watu macho lingeita mkutano jioni ile ile.

Tena liko jambo la usalama, nalo lawahusu hata wale wasiojali mshahara wa mtu. Mwalimu anayelipwa kwa mita ya injini ana majaribu kila siku. Hali ya hewa ikiwa ya mashaka, akisema hapana, halali na fedha. Akiona mpira wa gurudumu umekwisha na kuandika katika kitabu cha kasoro, ndege itasimama naye atasimama pamoja nayo. Mwanafunzi akiwa tayari kwa mtihani, kumwachilia ni kupoteza mteja. Akiwa hayuko tayari, kumzuia ni kumkasirisha yeye na baba yake na mwenye skuli. Twajua wengi wao ni waaminifu na hufanya lipasalo, na twawapa heshima zao. Lakini si haki kumpanga mtu kazi kwa namna ambayo uaminifu wake unakatwa katika mshahara wake kila anapoutumia. Sisi hatumlipi mtu wa ishara kwa kila gari linalopita. Tungefanya hivyo, ni nani angethubutu kupanda behewa?

Kazi hii pia huua. Tarehe 5 Machi 2024 ndege ndogo ya mafunzo iligongana hewani na ndege ya abiria juu ya Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, muda mfupi baada ya ndege ile kubwa kuondoka Wilson kwenda Diani. Ile ya abiria, yenye watu 44, ilirudi salama. Katika ile ndogo walikuwamo wawili, mwalimu na mwanafunzi, na wote wawili walikufa. Hatutaji kosa la mtu hapa, wala si kazi yetu. Twataja msiba huu kwa sababu swali la kwanza la chama chochote, watu wakisha kuzika, ni hili: walioachwa watakula nini?

Sheria ya Fidia kwa Wanaoumia Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri awawekee bima wafanya kazi wake, na mtu akifa kazini wategemezi wake hulipwa fidia ya mapato ya miezi 96. Ni fedha za kulea watoto. Lakini sheria hiyo ni ya mfanya kazi. Kijana aliyetia sahihi karatasi isemayo kwamba yeye ni mkandarasi anayejitegemea, na kwamba skuli haina wajibu wowote juu yake, amejiweka nje ya mlango kwa mkono wake mwenyewe, na mjane wake atalazimika kuanza kwa kwenda mahakamani kuthibitisha kwamba marehemu alikuwa ameajiriwa. Na hata akishinda, mapato ya mwezi yatahesabiwaje, ikiwa mwezi wa Aprili kijana alipata kidogo kwa sababu ya masika?

Twapenda kusema wazi hapa, maana vijana wengi hawalijui: jina lililoandikwa juu ya karatasi si mwisho wa maneno. Mahakama hutazama kazi yenyewe ilivyo. Ni nani anayepanga saa zako? Ndege ni ya nani? Waweza kumtuma mwenzako akufanyie kazi yako? Ni nani anayekukaripia ukichelewa? Mtu asiye na ndege, asiyepanga zamu yake, asiyeweka bei, na ambaye huvaa sare ya skuli, ana haki ya kuuliza yeye ni mkandarasi wa namna gani.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 nayo ina mambo ambayo mzazi na kijana wangefaa kuyasoma pamoja. Kazi ya miezi mitatu au zaidi yapasa iwe na mkataba wa maandishi, na jukumu la kuuandika ni la mwajiri. Muda wa kujaribiwa usizidi miezi sita, na ukiongezwa ni kwa miezi sita mingine tu na kwa ridhaa ya mfanya kazi. Twasikia wako wanaojaribiwa mwaka wa tatu sasa. Kifungu cha 37 chasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi, au aliyepewa kazi isiyoweza kutimizwa kwa miezi mitatu, huhesabiwa kuwa ni mtu wa mshahara wa mwezi na apewe notisi ipasayo. Na mtu akipunguzwa kwa sababu kazi imekwisha, kifungu cha 40 chataka notisi ya mwezi na malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka aliotimiza. Juu ya hayo yote iko Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, inayompa kila mfanya kazi haki ya kuingia katika chama na ya kugoma.

Kwamba mambo haya si ya karatasi tu, tuliyaona mwaka 2020. Ugonjwa wa Korona ulipoingia, ndege za abiria za kimataifa zilizuiwa tangu mwishoni mwa Machi, na safari za ndani zikasimama mpaka tarehe 15 Julai. Gari la abiria la Nairobi na Mombasa nalo lilisimama mwezi wa Aprili likarudi tarehe 13 Julai. Sote tuliumia. Lakini mwenye mkataba wa mwezi alikuwa na kitu cha kubishania: kama ni likizo bila malipo, kama ni nusu mshahara, alipaswa kuulizwa, na chama kilikuwa na barua ya kujibu. Mtu wa saa hakuachishwa kazi wala hakupunguziwa mshahara. Mita ilisimama, basi. Hapakuwa hata na barua ya kupeleka kwa wakili.

Tumesikia upande wa pili, na si haki kuuficha. Wenye skuli wengine si matajiri. Skuli yenye ndege tatu, mbili kati yake zina miaka mingi kuliko rubani, haiwezi kulipa mishahara kama shirika kubwa, na mwanafunzi anapokosa karo mwenye skuli naye hukosa. Twakubali. Ndiyo maana hatusemi mwalimu mpya alipwe kama nahodha. Twasema apewe mshahara wa chini wa mwezi, uwe mdogo ikiwa lazima, na juu yake malipo ya kila saa ya hewani; na saa za ubaoni na za kusimamia wanaoruka peke yao zihesabiwe. Hasara ya mvua igawanywe pande mbili. Sasa hivi imebebwa yote na mtu mmoja, naye ndiye mwenye mfuko mwembamba kuliko wote.

Neno gumu zaidi latoka kwa vijana wenyewe. Tulipowauliza kwa nini hawaungani, walicheka. Walisema: sisi ni wapita njia, mwakani nitakuwa nimepata saa zangu nimeondoka, ya nini kugombana na mwenye skuli ambaye ndiye atakayeandika barua ya kunisifu? Twaelewa. Lakini tuwaulize: ni wangapi waliosema hivyo miaka minne iliyopita na bado wako pale? Benchi likiwa bovu, anayelikalia leo huumia leo. Na yule atakayekuja baada yake atakuta bovu lile lile, kwa kuwa kila mmoja alisema analikalia kidogo tu.

Wazee wetu wa reli wangaliweza kusema maneno hayo hayo. Zama za ukoloni ngazi za kazi zilipangwa kwa rangi ya mtu, na Mwafrika aliyekuwa faiamani aliweza kumfundisha mgeni kazi kisha akamwona anapandishwa juu yake. Wengine walikuwa watu wa mkataba mfupi, wakiwaza kurudi kwao kununua shamba. Hata hivyo waliingia chama, na mwezi wa Novemba 1959 watu wa reli waligoma, Kenya ikasimama kuwatazama. Baadaye vilevile ajira yetu haikuwa mwamba. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 reli iligawanywa, na mwaka 2006 ilipokodishwa kwa kampuni ya watu binafsi maelfu ya wenzetu walipunguzwa. Waliopata malipo yao walipata kwa sababu kulikuwa na maandishi na kulikuwa na chama cha kuyasoma. Wako waliokosa, na baadhi yao mwawajua.

Marubani wa mashirika makubwa wanalifahamu jambo hili. Wana chama chao, KALPA, na mwezi wa Novemba 2022 waligoma, jambo mojawapo likiwa mwajiri kuacha kuchangia mfuko wao wa akiba ya uzeeni. Magazeti mengine yaliwatukana kuwa watu wa mshahara mnono. Sisi hatukuwatukana. Lakini twawauliza marubani hao kwa heshima: kila mmoja wenu alifundishwa na kijana aliyekaa kiti cha kulia, asiye na mkataba wala akiba ya uzeeni. Wengi wenu mlikuwa kijana huyo. Mkishafika juu, ngazi mwaiachaje?

Katiba ya chama chetu haituruhusu kuwaandikisha watu wa ndege, maana sisi ni wa reli. Lakini Halmashauri ya tawi imekubali mambo mawili. Barua itaandikwa kwa vyama vya wafanya kazi wa ndege kuwaomba wafungue mlango kwa walimu wa skuli ndogo, nasi tutatoa chumba chetu cha mkutano bila malipo kwa mkutano wao wa kwanza. Pia, mwanachama yeyote mwenye mtoto aliyepewa karatasi ya kutia sahihi katika skuli ya urubani, aje nayo afisini Jumamosi kati ya saa tatu na saa saba, kabla ya sahihi na si baada yake. Katibu ataisoma pamoja nanyi neno kwa neno. Njooni na kitabu chake cha saa pia, na hesabu ya fedha alizopokea kila mwezi tangu alipoanza, hata kama ni kidogo na mnaona haya. Tarakimu hizo ndizo tutakazozihitaji kwanza.